Kupata wakufunzi wazuri wa vilabu vya baada ya masomo katika shule za wilaya

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unamaliza vipindi vya darasani saa nane na dakika 50 mchana, ili watoto wapate nafasi ya vilabu, michezo na kazi za mradi. Nafasi hiyo ni finyu kuliko inavyoonekana. Kwetu Uganda jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na mtoto anayetembea kilomita 4 hadi nyumbani anafaa awe ametoka getini kabla ya saa kumi na moja na nusu. Shule ina saa mbili na nusu hivi mkononi. Mkufunzi anayezoea kufika saa kumi na nusu hafai, hata awe fundi namna gani.

Piga hesabu ya muhula kabla ya kumtafuta mtu. Muhula una wiki 12 au 13. Toa wiki ya kwanza, watoto wengi bado hawajaripoti. Toa mbili za mwisho, ni za mitihani. Toa moja au mbili za mvua na sikukuu. Unabaki na vipindi 8 hivi, na hivyo ndivyo vya kuandika kwenye tangazo: vipindi 8, dakika 90 kila kimoja, watoto 24 wa P.5 na P.6 (darasa la tano na la sita la msingi), siku ya Jumatano. Ukiandika "muhula mzima", mkufunzi atakuja kudai wiki 13 na wewe umepata 8. P.7 na S.4 (kidato cha nne), madarasa ya mitihani ya taifa, usiwategemee mpaka uwe umekubaliana na mwalimu mkuu, kwa sababu walimu wao watawavuta kwenye masomo ya ziada, na kilabu kitabaki na viti vitupu kabla ya wiki ya nne.

Wapi pa kutafuta

Tangazo la redio huleta wasemaji wazuri. Walimu wazuri hupatikana kwa kuuliza. Nenda kwenye mashindano ya wilaya ya muziki, ngoma na maigizo, utafute shule ndogo isiyo na jina ambayo watoto wake wote walijua kazi yao, hadi wa mstari wa nyuma. Uliza nani aliwafundisha. Shule kubwa iliyobeba kombe huenda ilichagua tu watoto waliokwisha kuwa na kipaji. Kwa kandanda, muulize afisa michezo wa wilaya ni makocha gani wana leseni ya CAF, walau ya daraja la D. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha walimu wa muziki na michezo, na wahitimu wake wametawanyika wilaya nyingi.

Kwa ala za asili, mtaalamu mara nyingi ni mzee wa kijiji: adungu kwa Waalur wa West Nile, embaire kule Busoga. Usimkatae kwa kuwa hana kampuni. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, inatosha kumtambulisha.

Karatasi za kuangalia

Kampuni ilete hati ya usajili kutoka URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Lakini kila mtu atakayesimama mbele ya watoto, mzee wa kijiji akiwemo, alete kitambulisho cha taifa na cheti cha tabia njema cha Polisi kinachotolewa kupitia Interpol. Cheti cha mkurugenzi hakimhusu kijana atakayetumwa Jumatano. Kisha pigia simu shule mbili alikofundisha, na usiulize kama ni mzuri, maana watu huoneana haya. Uliza: alikosa mara ngapi? Nani hasa alikuwa anakuja? Mlimwita tena muhula uliofuata?

Kipindi cha majaribio

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Mpe kila mkufunzi kipindi kimoja cha majaribio, umlipe nauli, na watoto wawe wa kawaida. Usimchagulie hodari. Kaa nyuma na daftari.

Tuchukue amadinda, marimba ya Baganda. Vibao 12 vimelazwa juu ya migomba miwili, wapigaji wanakaa pande mbili wakitazamana. Mmoja anaanza sauti ya kwanza, wa pili anaingiza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, na wa tatu anagonga vibao viwili vya juu. Mkufunzi dhaifu atapiga mwenyewe kwa kasi, watoto washangilie, dakika 40 ziishe. Aliye mzuri atamweka mtoto kwenye sauti ya kwanza peke yake, polepole, hadi mkono usimame imara, ndipo amwingize wa pili. Wakigongana, hawanyang'anyi fimbo. Anawarudisha kwenye mapigo matatu ya mwanzo, wakihesabu kwa sauti. Na wale 21 wasio na vibao anawapa kazi: wanapiga makofi ya sauti ileile, wakisubiri zamu.

Kipimo hicho kinafaa kilabu chochote. Hesabu ni dakika ngapi kila mtoto alishika kifaa. Kwa sataranji, watoto 24 wanahitaji mbao 12. Ukiona mbao 4, watoto 16 ni watazamaji. Kwa kompyuta, zaidi ya watoto 3 kwa mashine moja ni sinema. Muulize pia afanyeje umeme ukikatika. Asiye na jibu la haraka hajawahi kufundisha shule za huku.

Mkataba na fedha

Kosa linalorudiwa sana ni hili: anayefanya majaribio ni hodari, anayekuja wiki ya tatu ni msaidizi asiyejua kitu. Andika majina ya wakufunzi ndani ya mkataba, na kwamba mbadala atakubaliwa kwa taarifa ya siku 2, akiwa na karatasi zake zote. Anza na vipindi 4, vingine 4 vifuate mkiridhika.

Lipa kwa kipindi kilichofanyika, kwa mobile money, kulingana na daftari lililosainiwa na mwalimu wa zamu. Tuseme mmekubaliana shilingi 60,000: vipindi 8 ni 480,000. Ikiwa nauli inakula theluthi moja, mkufunzi atatoweka kufikia wiki ya tano, na hasemi. Hapa wilaya ina nguvu kuliko shule moja. Shule 4 za barabara moja zikimwajiri mtu mmoja kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, anapata kazi ya kueleweka na bei inashuka. Malipo yakizidi shilingi 1,000,000, taasisi ya serikali hukata asilimia 6 ya kodi ya zuio. Mwambieni mapema, asije akadhani ameibiwa. Na mkufunzi asikusanye pesa kwa watoto. Asiye na shilingi 2,000 ndiye atakayebaki nje ya mlango, na mara nyingi kilabu kilimhitaji yeye kuliko wengine.

Usalama uandikwe bila kuficha: mlango wazi, mwalimu wa shule awepo, mkufunzi asibaki peke yake na mtoto wala asimbebe kwenye boda boda. Viboko vimekatazwa na Sheria ya Watoto iliyorekebishwa 2016, na mkataba uvunjwe siku hiyohiyo vikitokea. Watoto wote wajue namba 116 ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo.

Kisha fuatilia mahudhurio. Walikuwa 24 wiki ya pili. Wakishuka hadi 13 wiki ya sita, waulize walioondoka, mmojammoja, mkufunzi asiwepo. Wengine watasema njia ina giza, na hapo ni saa tu ya kubadilisha. Wakisema hawajawahi kupewa zamu, vipindi 4 vya pili mpe mkufunzi mwingine.