Shabu kabla ya mchanga: kusafisha maji ya tope

Masika yakikolea, maji ya mto yanakuja mekundu, na hapo mchanga peke yake hauyawezi. Chembe za udongo ni ndogo mno, tena zote zina chaji hasi: zinasukumana, hazizami. Shabu (salfeti ya alumini) huiua chaji hiyo, nazo zikashikana. Hata Ng'ethu, kunakosafishwa maji ya bwawa la Ndakaini yanayoletwa Nairobi, shabu hutangulia mchanga.

1. Yeyusha gramu 10 za shabu katika lita 1 ya maji safi. Kila mililita sasa ina miligramu 10.

2. Tafuta kipimo, na hapa usiwe na haraka. Jaza maji yako katika chupa tano za lita moja zinazoonyesha ndani. Kwa sirinji, tia mililita 1, 2, 3, 4 na 5. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika 15. Utaona vinyuzi kama sufi vikizaliwa, vikinenepa, vikianza kushuka. Acha nusu saa. Kati ya chupa zilizong'aa, chagua yenye shabu kidogo zaidi. Ikiwa ni ya mililita 3, ndoo ya lita 20 inataka 60. Mvua ikinyesha tena, pima upya. "Kijiko kimoja" cha jirani mwachie jirani.

3. Tibu ndoo vivyo hivyo, iache saa moja au zaidi, uteke ya juu bila kutibua tope.

4. Pitisha kwenye mchanga uliooshwa mpaka maji yake hayana vumbi.

5. Klorini iwe ya mwisho, kwa kipimo cha kwenye chupa. Subiri nusu saa ndipo unywe.

MASWALI

Mwalimu, nikimwaga juu ya mchanga bila kusubiri yatulie?
Utauziba upesi, na kutwa utakuwa unauosha.

Nilizidisha shabu, maji yakabaki na ukungu. Kwa nini?
Ikizidi, chembe hugeuka chaji chanya zikasukumana tena. Pia pH (kipimo cha uchachu wa maji) hushuka, na alumini ikabaki imeyeyuka ndani ya maji. Rudi kwenye chupa.

Maji ya kisima chetu kirefu huku Ruai ni maangavu, lakini meno ya watoto yana madoa.
Pole, mama. Hiyo huenda ni madini ya floridi, na visima vingi vya Nairobi vinayo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Shabu ya kipimo hiki haiiondoi, mchanga nao hauiondoi, wala kuchemsha. Pelekeni maji maabara kwanza.

Mbegu za mlonge je?
Zinafanya kazi, ila maji yake yanyweni siku hiyohiyo, yakilala hunuka.