Jinsi ya kulinganisha siga tatu bila kuamuliwa na pete

Baba yangu alilima tumbaku Urambo miaka mingi, na hadi leo sijakutana na mtu anayelijua jani kama yeye. Bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, likishapoa na majani yakilainika kwa unyevu wa alfajiri, alikuwa analichukua jani moja, analifumba kiganjani, analinusa, kisha anafungua mkono na kuliacha lijikunjue lenyewe. Likijikunjua polepole bila kupasuka, linakwenda rundo la mkono wa kulia. Likilia kama karatasi, kushoto. Siku ya soko madaraja aliyopanga nyumbani yalikaribiana sana na ya mteuzi.

Nataja hili kwa sababu siga, yaani yale majani matupu ya tumbaku yaliyokunjwa bila karatasi, nimezijua ukubwani, hapa Hamburg, na kilichonisaidia kuzielewa ni mkono wa baba kuliko vitabu vya maduka. Tumbaku yetu ya Urambo ni ya mvuke: inakaushwa kwa joto ndani ya bani, inabaki na sukari nyingi, na mwisho wake ni sigara za kawaida. Jani la siga linatundikwa kwenye banda na kukaushwa na hewa tu kwa wiki nyingi, halafu linalundikwa marundo makubwa na kuachwa livunde. Rundo linapata joto lenyewe, amonia inatoka, na ule ukali wa kukaba koo unaondoka. Siga iliyotengenezwa kwa haraka utaijua hapo hapo: inanuka amonia na kuwasha ulimi.

Jambo la kwanza, na ndilo linalowachanganya wengi, ni kutenganisha vitu vitatu: ukali, uzito na ladha. Ukali ni nikotini, unausikia kichwani na tumboni. Uzito ni jinsi moshi unavyojaa mdomoni, kama tofauti ya maziwa mabichi na mtindi. Ladha ni kile ulimi na pua vinachotambua. Siga inaweza kuwa nzito na isiwe kali. Inaweza pia kuwa kali huku ladha yake ni ya mbao kavu tupu, na hizo zipo nyingi sokoni.

Usihukumu kwa rangi. Rafiki yangu wa Kalemie alikataa siga nyeusi mwaka mzima akiamini zitamwangusha. Weusi wa lile jani la nje wanaloliita maduro unatokana na kuvundikwa muda mrefu zaidi na kwa joto zaidi, na mara nyingi unaleta utamu wa kakao na zabibu kavu. Ukali unakaa ndani, kwenye majani ya kujazia. Majani ya chini ya mche, volado, yana kazi ya kuwaka vizuri. Ya katikati, seco, yanabeba harufu. Ya juu kabisa, ligero, yamekula jua kuliko yote, ni manene na yanaungua taratibu, na humo ndimo nikotini ilipojaa. Aliyewahi kuvuna tumbaku Tabora ataelewa haraka, maana hata kwetu jani la juu ndilo kali.

Sasa ulinganisho wenyewe. Chukua siga zenye umbo moja. Ukilinganisha nyembamba ndefu na nene fupi, unalinganisha maumbo na wala si majani, kwa sababu siga nene inawaka baridi zaidi na nyembamba inakuonyesha jani la nje zaidi. Mimi natumia robusto. Kipimo cha unene ni 50, maana yake 50 ya sehemu 64 za inchi, karibu milimita 20, na urefu ni milimita 124 hivi. Robusto zipo za kila nchi, na zinaisha ndani ya saa moja, kwa hiyo kichwa hakijachoka.

Zoezi ninalompa kila anayeanza lina siga tatu: Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 na Partagás Serie D No. 4, zote za Kuba na zote 50 kwa milimita 124, pamoja na Padrón 2000 ya Nikaragua, ambayo ina unene ule ule na imezidi urefu kwa milimita 3 tu. Hoyo ni laini. Partagás ina mkono mzito. Padrón inakaa karibu na Partagás kwa uzito lakini inakwenda njia nyingine ya ladha, kwa sababu udongo wa Estelí, Nikaragua, si udongo wa Vuelta Abajo, Kuba.

Zilaze pamoja kwanza. Siga iliyotoka dukani leo na iliyokaa kwako miezi sita haziwezi kushindana kwa haki. Ziweke wiki nne au zaidi kwenye kisanduku kimoja cha mwerezi, unyevu asilimia 65 hadi 68, joto lisizidi nyuzi 20 kwa sana, kwani joto likipanda mayai ya dumuzi wa tumbaku yanaanguliwa na kila siga inatobolewa. Ukinunua kisanduku kizima cha Kuba, kipindue usome mhuri wa chini: mwezi kwa herufi tatu za Kihispania, kama ENE au ABR, kisha mwaka. Zilizofungwa miezi michache iliyopita mara nyingi bado zina ukakasi.

Halafu ficha pete, ile karatasi yenye jina inayozunguka siga. Hii hatua wengi wanairuka, na ukiiruka, mengine yote ni bure. Mke wangu ndiye msaidizi wangu. Anavua pete jikoni, anafunga kila siga kipande cha karatasi chenye namba, na orodha anaiweka kwenye kopo la chai. "Mama Asha, naomba namba mbili," namwambia, naye ananiletea bila neno. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo niliipa namba mbili alama za juu kabisa, nikaandika kwa uhakika wote kwamba ni Partagás. Kopo likafunguliwa: Padrón, ya bei ya chini kuliko zote. Miaka mitatu nilikuwa nimewaambia watu kwamba Kuba naijua kwa pua.

Moja kwa siku, saa ile ile, baada ya chakula kile kile. Mimi huwa saa kumi jioni, baada ya wali, na kinywaji ni maji tu. Kahawa na pombe zinaficha makosa ya siga, ziache kwa siku za kustarehe. Kabla ya kuwasha, kata kidogo tu kofia, ile ncha iliyofungwa ya upande wa mdomo, kisha vuta hewa: mvuto wa kabla ya moto unakwambia kama siga imekazwa kupita kiasi, na ladha ya kwanza inaanzia hapo. Washa ukingo taratibu, moto usiguse jani. Vuta mara moja kwa dakika. Ukivuta haraka inapata joto, na siga yoyote ikipata joto inakuwa chungu.

Gawa siga mafungu matatu na uandike katika kila fungu. Moshi hauendi mapafuni kamwe. Uzungushe mdomoni, na mara mbili tatu katika kila fungu toa kidogo kupitia puani, maana hapo ndipo pilipili inapojitokeza. Na tafadhali andika kwa maneno ya kinywa chako. Nilipoteza muda mwingi nikitafuta matunda ya porini ya Ulaya ambayo sijawahi kuyala. Siku nilipoanza kuandika ninachokijua, daftari likaanza kusema kitu. Haya ni maandishi yangu ya namba mbili, kama yalivyo: "Fungu la kwanza: pilipili manga puani, kahawa chungu ya kibarazani, chini yake karanga zilizokaangwa zikaungua kidogo. La pili: pilipili imeshuka, kashata, udongo wa mvua ya kwanza. La tatu: kakao, utamu wa asali ya miombo, joto kifuani dakika ya 50." Nikisoma leo, ile siga inarudi yote.

Ukali usiupime kwenye mvuto wa kwanza. Nikotini ya siga inapita kwenye ngozi ya mdomo na inachelewa. Andika hali yako dakika ya 20, dakika ya 40, na robo saa baada ya kuizima. Simama kila mara. Ukiona jasho la baridi na kichefuchefu, weka chini, kunywa chai yenye sukari, na siku hiyo isihesabiwe. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya sigara. Kutovuta ndani hakukuepushi na saratani ya mdomo, ulimi na koo, kwa hiyo mimi nimejiwekea mbili kwa mwezi, na asiyevuta simshauri aanze kwa sababu ya maandishi haya.

Thamani ina hesabu rahisi: bei gawa kwa dakika ulizofurahia. Sema siga ya euro 18 imekupa dakika 45 kabla hujaitupa kwa uchungu: senti 40 kwa dakika. Ya euro 10 umeivuta dakika 60 hadi ikakaribia vidole: karibu senti 17. Wengi wanahesabu dakika zote. Mimi nahesabu zile tu ambazo sikutamani iishe. Hapa Ujerumani bei ya kila siga imefungwa kisheria, ni ile ile duka hadi duka, na kwenye kisanduku kizima utapunguziwa asilimia 3 tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuzunguka mji. Aliye Dubai au Nairobi alinganishe maduka kwanza. Bei za Cohiba, siga za kifahari za Kuba, zilipandishwa sana dunia nzima mwaka 2022, na sehemu kubwa ya unacholipa pale ni jina. Ukiletewa Cohiba ya bei ya kutupa kwenye kisanduku chenye kifuniko cha kioo, usinunue. Ni bandia.

Siga moja haitoshi kutoa hukumu. Imekunjwa kwa mkono wa mtu, na mkono una siku zake. Nunua tatu tatu za kila aina, rudia zoezi baada ya miezi mitatu, na usisome maandishi ya kwanza kabla hujamaliza ya tatu. Katika daftari langu Hoyo ilianza mwisho kabisa, nikaiita maji ya moto. Mara ya tatu, ikiwa imelala mwaka mzima, ilileta maziwa na mdalasini hadi kwenye vidole, na kwa alasiri ya joto ndiyo ninayoichagua sasa kuliko Partagás.