Siku ya mikoko kijijini: anzeni na maji, jukwaa baadaye

Assalam aleikum wanachama. Wengi mmeuliza vikundi vinne vya kijiji chetu hapa Kwale viliwezaje kufanya sherehe moja. Mwaka wa kwanza tuligombana sana. Tulichojifunza ni hiki.

Hatua ya kwanza: someni maji. Siku ya mikoko duniani ni tarehe 26 Julai. UNESCO iliitangaza mwaka 2015. Sisi tuliishika tarehe hiyo bila kumuuliza mtu, na ikaangukia maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana. Wageni walifika saa nne asubuhi, watoto wa shule wameshika mbegu mkononi, na bahari imekaa juu ya tope hadi magotini. Mvuvi mmoja mzee akaniambia taratibu, "Mwanangu, ungetuuliza."

Tangu hapo wavuvi wa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, ndio wanaochagua siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, kwetu hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yakajaa kama saa kumi jioni. Basi ratiba imeshajipanga: asubuhi kupanda na kutembeza wageni msituni, jioni mashindano ya ngalawa. Julai ni kusi, upepo mkali, kwa hiyo ngalawa zishindane ndani ya hori, zisitoke nje ya mwamba.

Hatua ya pili: kila kikundi kipewe kazi kinayoijua. Kina mama wapikao wali wa nazi na samaki wa kupaka washike chakula chote, na walipwe. Vijana wa mpira washike ulinzi na usafi. Wazee wapewe saa nzima chini ya mwembe, msiwabane. Wetu walieleza jinsi mapau, boriti na nguzo za mikoko zilivyokatwa na kupakiwa majahazini kwenda Uarabuni, hadi serikali ilipopiga marufuku kusafirisha nje mwaka 1982. Mmoja alisimama akapima boriti kwa mikono yake, akawaonyesha watoto kwamba upana wa chumba katika nyumba za mawe ulifuata urefu wa mti huo. Watoto walinyamaza kimya. Kwangu mimi hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Kama mna uwezo, alikeni pia watu wa kijiji cha Gazi, huku huku Kwale. Tangu 2013 wao na jirani zao wa Makongeni wanauza hewa ya ukaa ya hekta 117 za mikoko, yaani wanalipwa kwa kuutunza msitu unaoifyonza hewa hiyo, na fedha zimeingia kwenye maji na shule.

Hatua ya tatu: ruhusa. Mikoko ni msitu wa serikali, kwa hiyo KFS, shirika la misitu la Kenya, wajue mapema. Polisi nao wapewe taarifa siku tatu kabla, isipungue.

Hatua ya nne: fedha. Daftari moja, sanduku moja, funguo tatu kwa vikundi vitatu tofauti. Kikundi cha nne kisome hesabu hadharani kesho yake, kabla watu hawajatawanyika. Ugomvi wetu wote ulitoka hapa: mchango ulipitia kwenye simu ya mtu mmoja. Hakuiba hata shilingi, lakini hakuna aliyeweza kulithibitisha hilo, na hadi leo naumia nikikumbuka alivyosemwa.

Hatua ya tano: mbegu. Shika mbegu ya mkoko ikiwa bado mtini, utazame shingo yake. Ikiwa na pete ya manjano, zungusha kidogo, itaachia yenyewe. Inayokataa haijaiva, iache. Kupanda hakuhitaji jembe: ncha kali chini, isukume theluthi moja ndani ya tope, isimame wima, kisha hatua moja ndefu hadi nyingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo Bi. Tuko Lamu. Kila tukipanda mkoko mbele kabisa, baharini, unakufa. Tunakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Mikoko ina aina nyingi, na huko mbele ni pahala pa aina iitwayo mlilana. Mkoko wenyewe unakaa nyuma yake, na mkandaa, aina nyingine, nyuma zaidi, kule kunakofikiwa na bamvua. Na penye nyasi za bahari msipande chochote. Hapo ni malisho ya kasa na tafi.

Dada, mfadhili wetu anataka jina lake pekee kwenye fulana. Tukubali?

Sisi tulikataa, tukavaa leso na mashati yetu. Chakula kilipungua kidogo, lakini hakuna kikundi kilichosusia.

Bi, mimi niko Oman. Mzamiaji mmoja aliniambia Dhofar kuna msitu wa mwani mkubwa chini ya bahari. Mbona kwetu haupo?

Mwani huo unataka maji baridi. Huko Dhofar wakati wa kusi maji baridi huibuka kutoka kilindini; kwetu ni joto mwaka mzima. Lakini mchu, aina nyingine ya mikoko, unao hapo hapo, kaka. Mtaa wa Qurm, Muscat, umepata jina lake kwa mikoko. Ukiandaa siku yenu, anza na huo.

Kila mtoto apande mingapi?

Mitano inatosha. Ila wekeni kabisa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, bamvua tena, watoto wale wale waje kuhesabu iliyoshika na kuziba mapengo. Chai na mahamri ya siku hiyo mtayatoa kwenye sanduku lile lile, kwa hiyo msilimalize.