Somo: Jedwali la vihatarishi na fursa linalojipaka rangi lenyewe

Nimekutana na majedwali mengi yaliyopakwa rangi kwa mkono. Alama inapanda kutoka 6 hadi 20, seli inabaki kijani, na kikao kizima kinaiamini ile rangi. Hapa rangi itafuata namba. Natumia Excel.

Karatasi ya kwanza iite Orodha: A maelezo, B aina (Kihatarishi au Fursa), C uwezekano, D athari, E alama. Kupitia Data Validation, C na D zipokee namba nzima 1 hadi 5 tu. Kwenye E2 andika =C2*D2, uburute chini.

Kabla ya rangi, tulia hapa kwanza, maana ndipo wengi tunapoteleza. Moto wa kuteketeza seva: uwezekano 1, athari 5, alama 5. Printa inayokwama kila siku: uwezekano 5, athari 1, alama 5 vilevile. Kuzidisha hakuoni tofauti, lakini wewe unaiona. Kwangu, kihatarishi chenye athari 5 hakipati kijani kamwe.

Chagua A2:E100, nenda Home, Conditional Formatting, New Rule, chukua chaguo la fomula. Ingiza kwa mpangilio huu:

Kijani: =AND($B2="Kihatarishi",$E2>0)
Njano: =AND($B2="Kihatarishi",OR($E2>=6,$D2=5))
Nyekundu: =AND($B2="Kihatarishi",$E2>=15)

Kijani kimetangulia makusudi: Excel huweka kanuni mpya juu ya zilizopo, na ya juu ndiyo inayoshinda. Alama ya dola usiiache, la sivyo kila seli itachungulia safu ya jirani.

Fursa zipe bluu: nyepesi kwa zote, kisha iliyokolea kuanzia 15. Nyekundu humfanya msomaji akimbie kitu anachopaswa kukikimbilia.

Karatasi ya pili ndiyo jedwali lenyewe. A2:A6 weka uwezekano 5 hadi 1, B1:F1 athari 1 hadi 5. Kwenye B2:

=COUNTIFS(Orodha!$C:$C,$A2,Orodha!$D:$D,B$1,Orodha!$B:$B,"Kihatarishi")

Buruta hadi F6, kisha paka rangi kwa kanuni zilezile, ila ondoa sharti la $B2="Kihatarishi"; alama sasa ni $A2*B$1 na athari ni B$1. La fursa lijenge pembeni.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, fomula zangu zote zinakataliwa.
Jibu: Huenda kompyuta yako inatumia mkato kwenye desimali. Tenganisha kwa nukta-mkato badala ya mkato.

Mkuu, mwenzetu mmoja hatofautishi nyekundu na kijani.
Jibu: Swali zuri sana, na jedwali lisimwache nje. Ongeza neno safu F, kwa vihatarishi: =IF(E2>=15,"Juu",IF(OR(E2>=6,D2=5),"Kati","Chini")).

Hiyo 15 umeitoa wapi?
Jibu: Ni mpaka wa uvumilivu, na wenye kazi ndio wauamue kabla ya kujaza orodha. Kwa 15, seli 6 kati ya 25 ni nyekundu. Ukishusha hadi 12, zinakuwa 8.