Jinsi ya kusoma takwimu za VVU za mikoa

Ukikutana na takwimu za VVU za mikoa usikimbilie kunyooshea mkoa kidole, angalia kwanza ni za mwaka gani na umri gani, mfano utafiti wa Tanzania wa 2022-2023 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea wastani wa nchi wa wanaoishi na VVU ulikuwa 4.4%, Njombe 12.7%, Kigoma 1.7%. Sasa hapa ndo wengi wanateleza jamani, asilimia kubwa haimaanishi watu wa huko wanaambukizana zaidi leo, inabeba pia walioambukizwa zamani na wako hai kwa sababu wanameza dawa za VVU (ARV) vizuri, na hilo ni la kushukuru kabisa! Kwa hiyo tafuta namba mbili zaidi: maambukizi mapya na waliofubaza virusi, yaani wale ambao dawa zimeshusha virusi mwilini hadi kiwango cha chini sana.

Halafu angalia idadi ya watu. Dar ina watu zaidi ya milioni 5, Njombe haifiki milioni 1, so hata asilimia ndogo ya Dar ni watu wengi wanaohitaji dawa na wahudumu.

Ukiwa unapanga huduma shuka mpaka wilaya na kata, mfano mji wa Makambako huko Njombe, malori yanapolala, wapimaji waende usiku madereva wakiwepo.