Unataka kujua historia ya parokia ya kijijini Wales? Fanya hivi

Usikimbilie makaratasi, anza na jengo. Chukua kanisa la Pennant Melangell kule Powys, chini ya milima ya Berwyn. Zunguka nje kwanza, ucheki uwanja wa makaburi ulivyo wa mviringo, mara nyingi hiyo ni dalili ya sehemu ya zamani sana. Ingia ndani utafute kile kiambaza cha mbao cha karne ya 15, wamechonga sungura aliyekimbilia kwa Mtakatifu Melangell, mtawa wa kike, akifukuzwa na mbwa wa mwanamfalme Brochwel, yani stori nzima ya kijiji iko pale kwenye mbao.

Alafu kuta. Kaburi takatifu la Melangell ni la karne ya 12, wakati wa Matengenezo ya kidini (nchi ilipojitenga na Kanisa Katoliki, karne ya 16) likavunjwa, na mawe yake yakaja kukutwa yamejengewa ukutani na kwenye geti la makaburi, sasa hivi yameunganishwa tena. Kwa hiyo jiwe lenye nakshi ukiliona limekaa kiajabu ajabu, piga picha!

Sasa makaratasi. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi viliamriwa kuanza kuandikwa 1538 ila parokia nyingi vilivyobaki vinaanza baadae. Ramani za zaka za baada ya sheria ya 1836, ile ya kugeuza zaka ya mazao iwe ya pesa, ndo tamu zaidi, zinaonyesha kila shamba na mwenye nalo, Maktaba ya Taifa Aberystwyth imeziweka mtandaoni bure.

Kuwa makini na majina, zamani mtoto alibeba jina la baba kama bin ya huku kwetu, so jina la ukoo linabadilika kila kizazi. Na usipomwona mtu kwenye vitabu vya kanisa la parokia (Anglikana) tafuta rekodi za Wamethodisti na Wabaptisti, huko walikuwa wengi sana.