Land Rover iliyolala juu ya mawe: namna ya kuichagua na kuinunua kwa bajeti ndogo

Ukitaka kufufua Land Rover Series III, ile iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, jua kwamba unachonunua ni chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, na kadi ya usajili. Injini iliyokufa hufunguliwa ikatengenezwa, au ikawekwa nyingine. Chesisi iliyooza hula fedha zote za mradi, na gari lisilo na karatasi halitakuwa lako hata uligharamie vipi.

Bei ya gari isizidi nusu ya fedha ulizonazo. Nusu nyingine ni ya lori la kulibeba, breki, matairi, uchomeleaji na vitu vitakavyojitokeza baada ya kufungua. Kati ya gari zima lililosimama miaka mingi na gari linalotembea lakini halina milango, viti wala fremu ya kioo cha mbele, chukua lililosimama. Klachi, bushi, gasketi na silinda za breki bado zinatengenezwa na hupatikana. Vipande vya bodi kimoja kimoja ndivyo vinavyomaliza mfuko.

Tafuta ndani ya nchi, maana kuagiza gari la umri huu kunaleta ushuru wa uchakavu. Ulizia kwenye mashamba ya mkonge Tanga, mashamba ya kahawa Kilimanjaro na Arusha, misheni, shule kongwe na yadi za halmashauri. Usianze na dalali. Anza na fundi mzee wa Land Rover, kwani yeye ndiye anayejua gari lipi lilisimama kwa sababu ya klachi tu na lipi lilisimama baada ya kupinduka. Vitu vingine vikilingana, gari lililozeekea Dodoma, Singida au Tabora ni salama kuliko lililozeekea pwani, ambako hewa ya chumvi haikiachi chuma.

Nenda kulikagua mchana, ukiwa na ovaroli, tochi, nyundo ndogo, bisibisi bapa, sumaku, brashi ya waya na futi ya kupimia. Bodi ni ya alumini, kwa hiyo ikikuonyesha mng'ao isikudanganye. Chesisi ni ya chuma, yenye uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Tope huingia kwenye matundu, hukaa humo na unyevu wake, na kutu huanza ndani kwenda nje. Ndiyo maana chesisi iliyopakwa rangi nyeusi jana ni ya kutiliwa shaka kuliko ile yenye vumbi.

Lala chini ugonge kidogo kidogo kuanzia nyuma. Boriti ya nyuma kabisa huoza kwanza. Fuata mikono ya pembeni inayobeba bodi na tangi la mafuta, kisha mahali springi zinaposhikwa, kisha sehemu iliyo juu ya ekseli ya nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na bisibisi huzama. Sumaku isiposhika, hapo pamejazwa puti. Mkono mmoja wa pembeni ukiwa umeoza hukatwa ukachomelewa mwingine, na hilo lisikutishe. Lakini ukikuta kiraka juu ya kiraka karibu na springi, acha gari hilo.

Kisha pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Land Rover fupi ni milimita 2,235, ndefu ni 2,768. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, springi imehama au chesisi imepinda. Kagua pia ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hasa sakafu ya miguuni na chini ya bawaba za milango. Kuubadilisha maana yake ni kuvua karibu nusu ya gari.

Injini iliyosimama muda mrefu usiipige stata. Toa plagi zote, mimina kila silinda vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, iache usiku kucha, kisha izungushe kwa hendeli ya mbele, taratibu. Ikizunguka, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, tia humo kijiko kimoja cha oili upime tena: kipimo kikipanda ringi zimechoka, kisipopanda tatizo ni valvu au gasketi. Gari likiwaka, endesha kwa gia namba mbili kisha achia mafuta ghafla. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi itafunguliwa, na gharama hiyo itoke kwenye bei. Pitisha pia kidole kwenye tufe linalong'aa nyuma ya gurudumu la mbele. Likiwa na vishimo, sili mpya haitadumu na oili itavuja daima.

Karatasi zimewaliza wengi. Sugua kwa brashi ya waya upande wa kulia wa chesisi, mbele, pale springi inaposhikwa, usome namba iliyogongwa kwenye chuma. Ilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Land Rover nyingi zimewekwa injini ya Toyota au Isuzu. Si dhambi, ila namba ya injini kwenye kadi lazima iwe imebadilishwa. Mwenye jina kwenye kadi akiwa amefariki, usimlipe mtoto wake kwa maneno matupu: anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama. Kwa gari la mnada wa serikali, dai stakabadhi na hati za mnada. Andikishianeni mkataba mbele ya wakili, nendeni pamoja TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mkaone gari halina kikwazo, ndipo umalizie malipo.

Siku ya kulichukua, zunguka na mwenyeji stoo na nyuma ya nyumba. Kabureta iliyofunguliwa, alteneta, vioo vya milango, jeki na hendeli mara nyingi viko huko, na mkishaagana havirudi.